Tusi Alilonyimwa Asa

Siku Asa alipokuja na habari ya safari, kitu cha kwanza Sagai alichokiona ni viatu. Alikuwa amekaa chini mbele ya kibanda chake pale kijijini Guraho, anatoboa shanga za ganda la yai la mbuni, na gari la ofisi liliposimama hakuinua uso. Aliviona viatu vikikanyaga mchanga: vyeusi, vya kufunika, vipya, vinanyanyuliwa juu juu kama miguu ya ndege anayevuka matope. Ndipo akajua ni mdogo wake.

"Dada, habari za tangu mwezi ule?"

"Zipo hapa hapa," Sagai akajibu. "Zinatembea peku."

Asa akacheka. Tangu utotoni alikuwa na kicheko cha kujiachia, kinachoishia kwenye kikohozi. Siku hiyo kikohozi kilikuwa kirefu kidogo. Sagai alikisikia, akasema moyoni kwamba hizo ni feni za ofisini; mtu akizoea kupepewa, mapafu yanadeka.

Asa alifanya kazi mjini Tsumkwe, katika ofisi ya hifadhi ya wanavijiji, kusoma barua zinazotoka mbali na kuzijibu. Ni yeye aliyewaeleza watu wa Guraho habari ya kampuni ya ng'ambo iliyotaka kuzihesabu nyasi zote za nchi yao ya Nyae Nyae na miti yake yote, kisha iiuze hewa safi inayotokana nayo kwa wenye viwanda wa nchi za mbali, ili wenye viwanda waendelee kufuka moshi bila kusemwa. Sharti la kampuni lilikuwa moja: asiwashe mtu moto porini. Si mwezi wa tano, si mwezi wowote. Moto, walisema, unaua miti. Karatasi ilikuwa imekwisha kuandikwa, katika mji ambao hakuna mtu wa Guraho aliyeweza kulitamka jina lake. Ilisubiri sahihi tu.

"Walimaliza kununua ardhi za watu," Toma, mume wa Sagai, alisema walipoisikia habari hiyo mara ya kwanza. "Sasa wamefikia hewa. Kesho watataka vivuli."

"Chako hawakitaki," shangazi Nhuka akamwambia. "Kimepinda." Nhuka alikuwa bibi wa meno matatu, na ulimi wake ulijulikana hadi mpakani.

Leo Asa alivua viatu, akavipanga kando kama watoto wawili wa watu wanaotakiwa kurudishwa safi, akaketi mchangani na kueleza. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa mataifa yote kuhusu hali ya hewa. Watu wa asili wa nchi mbalimbali walikuwa wamegombea nafasi ya kusema mpaka wakapewa alasiri moja, na katika alasiri hiyo watu wa Nyae Nyae walipewa dakika nne. Vijiji vilikaa, wazee walikaa. Jina lililotoka ni lake.

"Dakika nne?" Nhuka akauliza. "Mimi chafya yangu peke yake ni dakika nne."

Watu wakacheka. Sagai naye akacheka, lakini mkono ulimteleza, na shanga aliyokuwa akiitoboa ikapasuka katikati.

Kwa mama yao walizaliwa wawili tu. Zamani, Sagai alipokuwa msichana wa kutosha kuchimba viazi mwitu na kubeba maji, baba yao alisema mtoto mmoja aende shule ya Tsumkwe na mmoja abaki. Akabaki aliyekuwa na faida. Asa akaenda, akapewa kalamu. Sagai akapewa moto. Baba yao ndiye aliyejua kuiunguza nchi, na kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume, alimfundisha binti aliyekuwa karibu: mwezi gani, upepo gani, nyasi zinatoa sauti gani zikikunjwa mkononi. Kwa miaka mingi Sagai aliuona ugawaji huo kuwa wa haki. Asa alipopata mshahara, Sagai alijiambia, yeye ana kalamu, mimi nina moto. Asa alipopanda ndege kwenda Windhoek na kurudi na picha yake akiwa mawinguni, Sagai alijiambia hivyo hivyo, akaendelea kutoboa shanga.

Sasa Asa alikuwa amekuja kuuchukua na moto.

Alikuja mara tatu na daftari. Mara ya kwanza aliuliza mwezi, na Sagai akamweleza jinsi baba alivyokuwa akiziamkia nyasi asubuhi, akikunja fungu moja: zikipinda bila kusema kitu, bado, zikilia kidogo, kesho, zikivunjika, umechelewa, rudi nyumbani. Mara ya pili aliuliza upepo. Sagai akaeleza na huo. Aliuona mkono wa mdogo wake ukikimbia juu ya mistari, wino wa buluu, herufi ndogo zilizolala upande mmoja. Miaka kumi na mitatu ya kutembea nyuma ya baba, visigino vimepasuka na nywele zinanuka moshi, iliingia yote katika kurasa sita na nafasi ikabaki.

Wivu wa Sagai haukuwa wa kelele. Ulikaa chini ya mbavu kama nyama iliyomezwa bila kutafunwa. Alimpikia Asa chai, akamtilia sukari zaidi ya yake mwenyewe, akamtengenezea na utepe wa shanga wa kufunga kichwani siku ya mkutano. Alipokuwa akiufuma alikuwa akiwaza: dunia nzima itauona huu, na hakuna atakayeuliza ni vidole vya nani.

Mara ya tatu Asa aliuliza habari ya mangetti. Mangetti ndiyo miti inayowalisha watu wa kule, njugu zake huliwa mwaka mzima, na shamba la miti hiyo upande wa machweo wa Guraho lilikuwa la ukoo wao.

"Hapa ndipo watakaponibana, dada," alisema. "Kampuni inasema moto unaua miti. Lakini mangetti za baba hazikuungua hata mwaka mmoja. Alizikingaje?"

Sagai alijua. Kabla ya siku ya moto mkubwa baba yao aliwahi alfajiri, umande ukiwa bado mzito, akaenda mti kwa mti. Alianzia shinani. Aliwasha moto mdogo, wa kimo cha mbwa aliyelala, akausindikiza kwa tawi bichi utoke nje, ukiupa upepo mgongo, mpaka umande ukauzima wenyewe. Kila mti ukabaki katikati ya duara jeusi. Moto mkubwa ulipofika adhuhuri haukukuta cha kula. Sagai ndiye aliyekuwa akishika lile tawi.

"Nimesahau," akasema.

Asa aliinua kalamu. Alimtazama dada yake kwa muda wa kutosha nzi kutua na kuruka.

"Umesahau."

"Ni zamani, mdogo wangu. Mimi si daftari."

Asa akalifunga lake taratibu, akalipangusa mchanga. "Haya, dada," alisema.

Siku ya kumuaga, Guraho yote ilikusanyika, na watu wa vijiji viwili vya jirani wakaja kwa miguu. Watu wale hawampongezi mtu. Mwindaji akiangusha pofu mnono, yule swala mkubwa, hurudi kimya, akakaa, na akiulizwa husema ameona kitu kidogo huko, pengine hakifai. Kesho wanaokwenda kubeba nyama hulalamika njia nzima: umetuburuta kote huku kwa ajili ya mifupa? Mwenyewe hucheka nao. Anajua kwamba wanamshika asipeperuke. Anayesifiwa huanza kujiona, anayejiona huanza kukaa mbali na moto wa wenzake, na katika pori lile aliyekaa mbali huwa hana siku nyingi. Kutukanwa ni kuambiwa wewe ni wetu. Na kwa dada wawili tusi lina uzito zaidi, maana dada na dada ni watani tangu kuzaliwa. Wanayoambizana hakuna mwingine wa kuyasema.

Kwa hiyo walimtukana Asa vizuri.

"Hatukupata mtu mwingine kabisa?" Nhuka alianza. "Na miguu hiyo? Watadhani tumewapelekea kuni."

"Akisimama jukwaani," Toma akadakia, "watauliza kipaza sauti kimevalishwa koti la nini."

Dabe, kijana mwenzake wa ofisini aliyekuwa amekuja na gari, alisema Kiingereza cha Asa kinachechemea, mguu mmoja umebaki Tsumkwe. Asa alikuwa ameshika tumbo, machozi ya kicheko yanamtoka, utepe wa shanga ukiwaka kwenye paji la uso. Akamgeukia dada yake, uso wote umefunguka.

"Na wewe, dada? Nipe la njiani."

Sagai alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu Asa ana miaka minne, siku alipokuja mbio kutoka kichakani akipiga mayowe kwamba anakimbizwa, na mama yao akatoka na fimbo, na kilichotokea nyuma yake, kikivuta hatua moja baada ya nyingine, kilikuwa kobe. Tusi hilo lilikuwa lao wawili. Wewe uliyekimbizwa na kobe utawaweza marais? Lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Kisha akaviona viatu, vimepangwa kando ya begi jipya lenye magurudumu.

Akasimama. "Mimi sina mzaha," alisema. "Mdogo wangu Asa ni mtu mkubwa. Hapa petu hakuna wa kulingana naye. Sisi wote tuliokaa hapa ni vumbi la viatu vyake."

Hakuna aliyecheka.  Nhuka alitoa ugoro mdomoni, akauangalia kama umeharibika, akautupa. Na kisha, mmoja baada ya mwingine, watu wakavitazama viatu vya Asa. Watoto waliokuwa wamemwegemea wakajiondoa kidogo, bila kujua kwa nini.

"Asante, dada," Asa akasema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyewekewa kaa la moto kiganjani na haruhusiwi kuliangusha.

Akapanda gari. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumtukana tena, hata wa kumwambia afunge mlango vizuri.

"Kwa nini umemwacha juani peke yake?" Toma aliuliza walipokuwa wamebaki wawili.

"Nimemsifu. Kusifu siku hizi ni kosa?"

"Sagai. Unajua ulichofanya."

Alijua. Na kilichomsumbua ni kwamba kilikuwa kitamu.

Siku tisa baadaye, mchana, walijazana katika ofisi ya Tsumkwe. Dabe aliisimamisha simu mezani, ameiegemeza kwenye kikombe. Picha ilikuwa ikikatika na kurudi. Sagai aliziona shanga zake kwanza, kabla hajauona uso. Asa alikuwa ndani ya koti kubwa la kuazima, amekonda, nyuma yake bendera nyingi, na kifuani kadi yenye picha yake mwenyewe, kana kwamba angeweza kujisahau.

Alisema kwa Kiingereza, na Dabe akatafsiri kipande kwa kipande. Alieleza mwezi. Alieleza nyasi zinazolia kidogo mkononi. Alieleza kwamba nchi isiyounguzwa mapema, kwa mkono wa anayeijua, huja kuungua yenyewe mwezi wa tisa, na moto huo wa mwezi wa tisa ndio unaoua miti. Kila neno lilipotoka Sagai alilijua lilikotoka, lile aliloambiwa na baba siku ya mvua ya mawe, lile la kilimani. Yalikuwa kama nguo zake mwenyewe zimevaliwa na mtu mwingine, na zimempendeza.

"Ni yangu hayo," alinong'ona.

"Nini?" Toma akauliza.

"Sijasema kitu."

Dakika nne zilipokwisha, mzee mmoja wa suti ya kijivu, mtu wa ile kampuni, aliinua mkono. Dabe akatafsiri swali lake: amesikia yote, lakini je, miti? Mnapowasha moto huo, miti mnaikingaje?

Asa akanyamaza.

 Dabe alidhani simu imekwama, akaigusa. Na katika kimya kile Sagai alihisi kitu kikimpanda kutoka tumboni, cha moto na chepesi, na kabla hajakizuia alikitambua. Ilikuwa furaha. Hajui, aliwaza. Amevaa koti, ana kadi, na hajui.

Kisha Asa akasogea kwenye kipaza sauti.

"Kwetu," Dabe alitafsiri, na sauti yake ikaanza kubadilika, "nyama si ya aliyepiga. Ni ya mwenye mshale. Mtu huweza kuwinda kwa mshale aliopewa na mwingine, hata na mwanamke, na mnyama akianguka, mwenye mshale ndiye anayegawa. Haya niliyowaambia leo ni mshale wa dada yangu. Anaitwa Sagai, anakaa Guraho. Swali lako lina jibu, mzee, na jibu liko kwake. Hakunipa nilibebe. Karatasi yenu inaihesabu nchi yake, na mmeiandika mpaka mwisho bila kumuuliza. Basi nendeni mkamuulize."

Kwenye simu watu walipiga makofi, wengine wakasimama. Pale ofisini kila mtu aligeuka kumtazama Sagai. Dabe alikuwa akirukaruka. Toma alimshika mkono.

Sagai hakuona fahari. Aliona ameibiwa tena. Hata uongo wangu, aliwaza, ameupika ukaiva, ameupakulia dunia nzima.

Habari iliyofuata ilikuja kwa barua. Kamati moja ya mkutano ule ilikuwa imekubali kwamba karatasi ya kampuni isitiwe sahihi kwanza, na kwamba wajumbe watatu watafika Guraho mwaka unaofuata, mwezi wa tano, msimu wa moto, wasikie na waone wenyewe. Jina lililoandikwa kwenye barua lilikuwa la Sagai.

Asa mwenyewe alirudi kabla ya barua, na alikuja Guraho bila viatu vile, amevaa ndala za plastiki. Alimletea dada yake zawadi: sindano tatu za chuma kigumu za kutobolea shanga, ndani ya kiboksi. Sagai alizijaribu palepale. Ziliingia kwenye ganda kama kwenye siagi.

"Vitu gani hivi?" akasema, kama inavyotakiwa. "Hizi hata chawa hazimtoboi. Umekwenda mpaka mwisho wa dunia kuniletea miiba?"

Asa akacheka mpaka akakohoa, akainama, akajifuta mdomo kwa kona ya khanga na kuikunja haraka. "Hilo la sindano limeingia," alisema. "Langu je? Bado hujanitukana, dada."

"La kwako linataka kupikwa."

"Usilipike sana. Nina njaa nalo."

Walikaa. Kuku walipita. Sagai alingoja aulizwe habari ya mangetti, na alikuwa na majibu mawili, la kweli na lile la kusahau, hakujua litatoka lipi. Lakini Asa hakuuliza.

"Mbona huniulizi tena ile habari ya miti?" hatimaye Sagai akasema mwenyewe.

"Si yangu," Asa akajibu. "Mwenyewe ukitaka, utagawa."

Hapo ndipo Sagai angeweza kumwambia. Tawi, umande, duara jeusi. Ni maneno ya kumaliza wakati chai inachemka. Lakini aliliona daftari likichungulia kwenye mfuko wa Asa, akaona vile herufi zitakavyolala upande mmoja, akazirudisha sindano kwenye kiboksi. Kesho, alijiambia. Kesho nitampa yote mawili, jibu na tusi.

Mwezi wa nane walimchukua Asa kwenda hospitali ya Grootfontein. Kilikuwa kifua kikuu, na kilikuwa cha siku nyingi. Hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu angeambiwa asisafiri. Sagai alipelekwa kumwona na gari la ofisi, wiki ya pili, amekaa nyuma pamoja na mapipa ya maji. Barabara ile ni ya kokoto, ndefu, imenyooka. Alilitengeneza tusi lake njia nzima. Aliongeza kobe awe na haraka, akamwongeza na mama yao na fimbo, akatia na ile sauti ya Asa ya kitoto, akawa anatabasamu peke yake katika vumbi. Walipofika wodini kitanda kilikuwa kimetandikwa upya, shuka zimevutwa hadi juu, na muuguzi akamuuliza yeye ni nani wa marehemu.

Walimzika Guraho, upande wa machweo, ukingoni mwa shamba la mangetti. Vitu vyake viligawanywa kama kawaida. Koti lilikuwa limerudishwa kwa mwenyewe. Daftari lilikwenda ofisini. Viatu vyeusi, Toma aliviweka mbele ya Sagai, na Sagai akavificha chini ya paa, akiwa na hakika kwamba watu wote wanajua ni kwa nini amepewa yeye.

Wajumbe walikuja mwezi wa tano, siku ambayo nyasi zililia kidogo mkononi. Walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja wa nywele nyeupe, mwenye kofia kubwa na daftari la ngozi. Sagai aliwaamsha kukiwa bado baridi. Hakuwaeleza kitu. Alikata tawi bichi, akaenda kwenye mti wa kwanza, akapiga magoti shinani, akawasha. Moto ulitambaa nje, mdogo, ukinung'unika, yeye akiusindikiza na tawi, akiuzuia huku na kuuachia kule. Ulipofika kwenye majani mazito ya umande ulizimika wenyewe, moshi mweupe ukalala chini. Akaenda mti wa pili. Mti wa sita alikuwa amekwisha kuwasahau wageni. Aliposimama kunyoosha mgongo alimwona baba yake mbele, kama enzi zile, na alipogeuka kumpa mtu tawi amshikie, hapakuwa na mtu.

Adhuhuri wakawasha moto mkubwa. Ulikuja na sauti yake yote, ukafika kwenye duara jeusi la kwanza, ukasimama, ukapita kando. Mangetti zilitikisika majani kwa joto. Hakuna lililoungua.

Wageni wakapiga makofi. Yule mama mwenye nywele nyeupe alikuwa na machozi. Kupitia kwa Dabe alisema kwamba hajaona mtu kama Sagai maishani mwake, kwamba yeye ni hazina, kwamba duniani kote hakuna wa kulingana naye.

Sagai alisimama pale na tawi lake. Watu wa Guraho walikuwa nyuma yake, na ghafla akawa hajui mikono yake aiweke wapi. Jua lilikuwa juu yake peke yake. Kaa la moto lilikuwa kiganjani. Kumbe ni hivi, aliwaza. Kumbe Asa aliondoka hapa na hiki, akapanda nacho ndege, akakaa nacho kwenye lile koti.

"Hazina?" Sauti ya Nhuka ilitoka nyuma. "Dabe, waambie mwanamke huyu anawasha moto kama anayechoma panya. Makalio juu, mdomo wazi. Baba yake angemchapa."

Watu wakaangua kicheko, Toma wa kwanza, na Sagai akahisi miguu yake ikirudi ardhini. Alicheka mpaka akalazimika kuegemea mti.

Yule mama akatoa karatasi ya kampuni, iliyoandikwa upya, ina nafasi ya sahihi. Alisema moto utaandikwa humo sasa, kwa namna ya Guraho, na kwa kuwa mwenye elimu hii ni Sagai, yeye aweke dole gumba kwa niaba ya wote.

"Mwambie sitaweka," Sagai alimwambia Dabe. "Mwenye mshale hali nyama peke yake porini. Kazi yake ni kugawa. Karatasi isomwe kila kijiji, kwa lugha yetu, na wenye kukataa wakatae. Wakikubali tutaweka vidole wote. Na mwambie aandike kitu kingine. Aandike kwamba mshale ulikuwa wangu, lakini aliyepiga ni Asa, na mimi nilimpa mshale uliovunjika ncha makusudi. Nilimwambia nimesahau. Sikusahau."

Dabe alimtazama. "Na hilo niliseme?"

"Liseme kwanza."

Aliyatafsiri yote. Yule mama aliandika muda mrefu. Karatasi ikaondoka kama ilivyokuja, bila dole, na hadi leo inazunguka vijiji. Kila mahali inaongezwa mstari.

Wageni walipokwenda, Sagai aliingia kibandani akavitoa vile viatu chini ya paa. Alivivaa. Vilimbana. Alikwenda navyo hivyo hivyo mpaka ukingoni mwa mangetti, akichechemea, ardhi bado ina joto na inanuka kama nywele zake za usichana. Kaburi la Asa alikuwa amelipitishia duara asubuhi ile, kama mti mmojawapo.

Akakaa chini.

"Viatu gani hivi?" alisema. "Mtu mzima na miguu ya mtoto. Ndiyo maana hukuweza kukimbia." Akapangusa majivu kwenye ncha ya kiatu. "Watu hawajui walimpeleka nani kule. Mimi najua. Wewe, Asa binti wa mama yangu, uliyetoka kichakani unapiga mayowe kijiji kizima kikashika fimbo. Wewe uliyekimbizwa na kobe. Na alikuwa anakukaribia."

Alilisema lote, na mama, na fimbo, na ile sauti ya kitoto. Alipomaliza alicheka peke yake, kicheko cha kujiachia, mpaka kikaishia kwenye kikohozi cha moshi. Kisha akavua viatu, akavipanga kando ya kaburi, akarudi nyumbani peku.